Nimealikwa udon izakaya, na pombe situmii: nile nini?

Msomaji anauliza: Mimi ni mwalimu, nyumbani ni Tanga. Mwezi ujao naenda Takamatsu, Japani, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Wenyeji wamenitumia ratiba, na jioni ya pili wameandika chakula cha kunikaribisha kwenye "udon izakaya". Nilipouliza nikaambiwa ni tambi na bia. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala sinywi pombe. Nikikataa nitaonekana nina maringo. Nikienda naogopa kulala njaa, au kula nisichokijua. Na hivi ni kweli watu wazima huvuta tambi kwa sauti mbele za watu?

Jibu:

Nenda, mwalimu. Ila waandikie wenyeji wako leo, usingoje mpaka umeshakaa na kitaulo cha moto mkononi. Nimeishi Takamatsu miaka sita, minne kati ya hiyo nikiwa nyuma ya jiko la mahali kama hapo. Mpishi wa Kijapani hakasiriki kuambiwa kwamba mgeni hali kitu fulani. Kinachomkata maini ni kuambiwa sahani ikiwa tayari iko mezani. Ukimpa siku mbili tatu atakutafutia njia. Ukimpa dakika mbili atainama, ataomba radhi, na wewe utakula maharage machanga ya kuchemsha usiku kucha.

Hofu yako umeielekeza kwenye nyama na bia. Hivyo viwili mara nyingi vinaonekana kwa macho, utaviepuka bila shida. Cha kukushughulisha ni mchuzi.

Tuanze na mahali penyewe. Zamani za Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19, maduka ya pombe yaliuza kwa kipimo, mtu akachukua chake akaenda nacho nyumbani. Baadaye wateja wakaanza kukaa na kunywea papo hapo, wenye maduka wakaongeza vitafunwa, na duka likageuka baa yenye jiko. Hiyo ndiyo izakaya, na jina lenyewe linabeba maana ya kukaa dukani. Usiifikirie kama baa za kwetu, ambako chakula ni mishikaki ya pembeni. Huku watu hula sana, sahani ndogondogo zinazoletwa moja moja kadiri zinavyoiva, na kila sahani ni ya meza nzima. Mara nyingine utakuta familia na watoto wao. Anayekunywa uroncha, chai baridi ya Kichina, haulizwi kwa nini, na bia zisizo na kileo zimejaa kwenye orodha, ingawa hizo nazo utaamua mwenyewe.

Udon ni tambi nene za ngano: unga, maji na chumvi, basi. Hakuna yai ndani yake wala mafuta. Na Takamatsu ndiko kwao. Ni makao makuu ya Kagawa, mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo, ambao tangu 2011 unajitangaza kwa watalii kwa jina la "Mkoa wa Udon". Jina la kale la eneo hilo ni Sanuki, ndiyo maana utasikia "Sanuki udon" hadi Tokyo. Wenyeji watakusimulia kwamba mtawa Kukai, aliyezaliwa huko mwaka 774, ndiye aliyeleta ufundi huu kutoka China. Ni hadithi, lakini usibishane nao. Sababu ninayoiamini mimi ni ya ardhi. Mvua za Kagawa ni haba, mpunga ulisumbua, watu wakalima ngano. Bahari ya ndani iliyo mbele yao ikawapa chumvi, kisiwa cha Shodoshima kikawapa sosi ya soya, na kisiwa cha Ibuki kikawapa dagaa. Vyote vinavyohitajika kwa bakuli moja vilikuwa karibu. (Siku hizi sehemu kubwa ya ngano inatoka Australia, na hilo wanalisema kwa sauti ya chini.)

Wewe unayejua kukanda unga wa chapati utashangaa jambo moja: udon hukandwa kwa miguu. Donge linafungwa ndani ya plastiki nene, mtu anavua viatu, anapanda juu na kukanyaga taratibu kwa visigino, analikunja, anakanyaga tena. Mikono haina uzito wa kutosha kwa unga mkavu namna ile. Kisha donge linapumzishwa, linasukumwa, linakatwa kwa kisu. Chumvi hubadilika na majira. Msemo wa kale wa mafundi unasema tatu wakati wa joto, sita wakati wa baridi, tano siku za kawaida: yaani kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe vitatu, sita au vitano vya maji. Joto hulegeza donge, chumvi hulikaza. Usiogope chumvi hiyo. Nyingi hutoka tambi zinapochemshwa. Kinachotafutwa mwishoni kinaitwa koshi, ule ugumu laini unaorudisha jino nyuma kidogo kabla tambi haijakatika. Mtu wa Takamatsu akisema tambi haina koshi, ametukana.

Sasa mchuzi. Msingi wake, dashi, hautakuwa mgeni kwako. Umeshaona dagaa wakichemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa. Unguja na Bagamoyo ni kazi ya kila siku. Iriko ya Kagawa ni hivyo hivyo: dagaa wa baharini, jamaa wa karibu wa dagaa mchele, wanaochemshwa mara tu wanapofikishwa pwani na kukaushwa. Huku kwetu tunawala, kule huwalowesha na kuwachemsha pamoja na kombu, aina ya mwani mpana wa maji baridi, kisha wanachuja na kubaki na maji tu. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aligundua kwamba utamu ule usio wa sukari unaotoka kwenye kombu ni glutamati, akauita umami. Samaki mkavu ana umami wake, na viwili vikikutana utamu unazidi jumla yake. Bibi yako aliyetia dagaa kwenye mchuzi wa nyanya alikuwa na akili hiyo hiyo bila maabara.

Mpaka hapo ni samaki na mwani, huna kesi. Kesi inaanza dashi inapotiwa ladha. Sosi ya soya, chumvi, sukari, na mara nyingi mirin. Mirin ni kioevu kitamu cha mchele kilichochachushwa. Ile halisi ina kileo karibu asilimia 14. Ipo nyingine ya bei nafuu inayoiga ladha yake, yenye kileo kisichofika asilimia moja. Jikoni kwetu mirin ilichemshwa hadi harufu ya kileo ikapotea, na wako Waislamu waliokula kwa hoja hiyo, wako waliokataa kabisa. Sosi ya soya nayo hupata kileo kidogo katika kuchachuka kwake, na viwandani mara nyingine huongezewa ili isiharibike. Mimi ni mpishi, si shehe. Hukumu muulize unayemwamini kabla hujapanda ndege, maana kule utakuwa unaulizwa wewe. Kitu nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba wanaokwama ni wale wasio na jibu lao. Mhudumu anauliza, "Mirin je, sawa?" na mgeni anaanza kuangalia dari.

Kama jibu lako ni hapana, ipo udon isiyo na mchuzi kabisa, na kwa bahati nzuri ni fahari ya mkoa huo: shoyu udon. Tambi zinachemshwa, zinaoshwa kwa maji baridi, zinawekwa bakulini, na wewe mwenyewe unazidondoshea sosi ya soya kidogo, figili nyeupe iliyokunwa, kitunguu cha majani, tangawizi, na kipande cha limau au sudachi, ndimu ndogo ya kijani. Ndiyo namna bora ya kuonja koshi, kwa sababu hakuna cha kuificha. Uliza tu kama hiyo sosi ni tupu au imechanganywa na dashi na mirin, maana maduka mengi hutengeneza mchanganyiko wao. Dada mmoja Mwislamu niliyemhudumia mara nyingi alikuwa na kichupa chake cha sosi halali mkobani, akikitoa bila haya. Hakuna aliyewahi kumkemea; bosi wangu aliomba kuionja.

Vya kuepuka ni vichache lakini vina mitego. Niku udon ni ya nyama, na huko kwao "niku" kwa kawaida ni ng'ombe, ila hakuchinjwa unavyotaka, na ukifika Tokyo inaweza kuwa nguruwe. Udon ya kari usiisogelee, maana viungo vyake vya kuganda mara nyingi vina mafuta ya wanyama. Toriten ni kuku wa kukaanga. Tempura, yaani mboga au kamba waliochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa, inaonekana salama, lakini kikaango ni kilekile kilichopitisha kuku. Oden ndiyo inayowanasa wengi: figili, mayai na vipande vya tofu (jibini ya soya) vikitokota taratibu kwenye sufuria kubwa, kila kitu kikionekana cha mboga, kumbe katikati ya sufuria kuna mishipa ya ng'ombe tangu asubuhi. Vile vipande vyeupe vyenye ukingo wa waridi, kamaboko, ni samaki aliyesagwa, lakini mara nyingi navyo vimetiwa mirin.

Vya kuagiza: edamame (yale maharage machanga ya kuchemsha), tofu baridi na tangawizi, sashimi kama unaweza samaki mbichi, samaki wa kuchoma kwa chumvi, biringani la kuchoma, wali wa kufinyangwa kwa chumvi. Ukiona tambi za moto zenye yai juu, hiyo ni kamatama. Yai ni bichi. Huko hula mayai mabichi kila siku, lakini kama roho yako haitaki usijilazimishe kwa ajili ya adabu.

Kuna sahani ndogo utaletewa bila kuagiza. Kule upande wa Tokyo huitwa otoshi, upande wa Osaka tsukidashi. Ni kijibakuli cha kitu chochote alichotayarisha mpishi siku hiyo, na kitatokea kwenye bili, mara nyingi yeni 300 hadi 500. Wageni wengi huona wameibiwa. Mimi mwenyewe wiki yangu ya kwanza nilikirudisha kwa ukali, nikidai sikuagiza, mpaka mwenzangu akanivuta shati. Ichukulie kama kodi ya kiti. Lakini kwa hali yako mwambie mwenyeji wako ataje hata hicho, kwa sababu kinaweza kuwa na nguruwe na kitafika kabla hujafungua mdomo.

Jambo la pili nililojifunza kwa aibu ni mpangilio wa jioni. Niliingia na njaa, nikaona "udon" imeandikwa mlangoni, nikaagiza udon hapo hapo, tena ya donge tatu. Saa moja na nusu usiku nilikuwa nimeshiba kama chatu, nikakaa saa mbili nzima nikiangalia sahani za wenzangu zikipita. Kwenye izakaya tambi ni za mwisho. Wanaziita shime, yaani cha kufungia: watu wameshakunywa, wameshacheka, mtu mmoja anasema tufunge, na hapo ndipo bakuli dogo la moto linapokuja. Tofauti ya udon izakaya na izakaya ya kawaida iko hapo hapo. Kwingine shime ni kitu cha kumalizia tu. Huku ndiyo sababu ya watu kuchagua mlango ule. Kwa hiyo jipimie. Kula kidogo kidogo, acha nafasi.

Mwanzoni wote watangoja vinywaji vifike, watainua bilauri, watasema kanpai. Inua yako ya chai, gonga, umemaliza. Watu humiminiana, mwenzako akiinua chupa kuelekea kwako, shika bilauri kwa mikono miwili, na wewe mmiminie yake ikipungua. Kama kummiminia mwenzako bia ni jambo usilolifanya, waambie wenyeji hilo nalo mapema, na umiminie chai. Kabla ya kula husema itadakimasu, viganja vimekutana. Wewe umeshazoea bismillahi, kwa hiyo hili halitakuwa geni. Matamshi hayatakusumbua kabisa, kwa sababu irabu zao ni tano zilezile zetu. Nimeona Waswahili wakieleweka siku ya kwanza huku Wazungu wakihangaika mwezi.

Sasa la kuvuta kwa sauti. Ni kweli, na si utovu wa adabu. Tambi za moto zikivutwa pamoja na hewa hupoa njiani, na harufu ya mchuzi hupandia puani. Wakongwe wa Sanuki hata hawatafuni sana. Wanasema utamu wa udon unasikika kooni inapopita. Lakini hulazimishwi. Mimi mwaka wa kwanza sikuweza. Kila nikijaribu nilisikia sauti ya mama yangu. Kula kimya, hakuna atakayekutazama. Kinachokubalika ni kuvuta tu. Kutafuna huku mdomo wazi ni aibu kwao kama kwetu. Mvuke utakutoa kamasi. Futa taratibu, usipenge mezani.

Bakuli liinue mkononi, kulinamia kama ng'ombe horini ndiko kubaya. Vijiti usivisimike kwenye wali, wala usipokee kipande cha chakula kutoka vijiti vya mwenzako kwa vijiti vyako. Yote mawili ni mambo ya msibani: wali wenye vijiti vilivyosimama huwekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchoma maiti hupokezanwa kwa vijiti. Ukikosea kwingine kokote watacheka nawe. Hayo mawili yatafanya meza inyamaze.

Vaa soksi nzima. Nasema kwa uchungu. Sehemu nyingi utavua viatu na kukaa sakafuni penye mikeka, na chooni utakuta kandambili zake. Usirudi nazo mezani.

Malipo: chakula cha kumkaribisha mgeni, mara nyingi mgeni hachangi, au anachangishwa kidogo. Toa pochi mara moja, wakikataa kubali. Siku nyingine mkitoka wenyewe, desturi ni kugawa bili sawasawa, na hapo asiyekunywa hulipia bia za wenzake. Wenzangu wengi wasiokunywa walimeza hilo kimyakimya. Sema tu mwanzoni, "betsu-betsu de", kila mtu chake, au muulize mwandalizi kama wa chai atapunguziwa. Siku hizi wengi hupunguza bila kuombwa. Jioni nzima kwa kawaida ni yeni elfu tatu hadi elfu tano kwa mtu. Bakshishi haipo. Ukiacha chenji mezani mhudumu atakukimbiza barabarani kukurudishia. Ukitoka sema gochisosama deshita, yaani asante kwa chakula, kwa mpishi pia. Hilo hulipokea kwa moyo.

Takamatsu ni mji wa baiskeli, na huenda ukapewa ya kutumia. Mwenzako aliyelewa akikuomba umwazime, kataa. Kuendesha baiskeli umekunywa ni kosa, na tangu Novemba 2024 sheria imekazwa, hata aliyetoa baiskeli naye anaweza kuadhibiwa.

Barua yako kwa mwenyeji iwe fupi. Ukiweza iandike kwa Kijapani: "Shukyo no riyu de, buta niku to osake wa dame desu. Niku wa tabemasen. Sakana to yasai wa daijobu desu." Yaani kwa sababu ya dini, nguruwe na pombe haviwezekani, nyama sili, samaki na mboga sawa. Kisha ongeza mstari mmoja kuhusu mirin, kulingana na jibu utakalokuwa nalo: "Mirin mo dame desu" ukiikataa, "Mirin wa daijobu desu" ukiikubali. Mstari huo ndio utakaomwonyesha mpishi kwamba unajua unachosema, na ataacha kubahatisha.

Na asubuhi ya siku inayofuata usikae hotelini. Maduka ya udon ya Kagawa hufunguliwa mapema, mengine hufunga mchana tambi zikiisha. Tafuta la kujihudumia, chukua sinia, ingia foleni. Sema "sho" kwa donge moja; "chu" ni mawili, "dai" ni matatu, nawe umeshasikia yaliyonipata. Utapewa tambi ndani ya bakuli, utalipa yeni mia chache, na mbele kidogo kuna bomba la mchuzi. Lipite. Chupa ya sosi iko mezani, pembeni ya tangawizi.